Bunduki ya Nne na Kisu cha Muhidini

Katika kata nzima ya Mazingara hakujapata kutokea mwanamke aliyezijua bunduki kama mimi, Mashavu binti Athuman. Nilizijua kwa namba, kwa matundu, kwa uzito, hata kwa harufu ya mafuta yake. Kupiga, sijapiga hata moja. Utotoni nilipewa manati nikalenga fenesi, nikampata mbuzi wa shangazi, na fenesi lile lilikuwa kubwa kuliko mbuzi.

Lakini kujua ni kazi moja na kupiga ni kazi nyingine. Padri mmoja wa Korogwe alikuwa akifundisha watu mambo ya ndoa mwaka hadi mwaka, na hakuna aliyemwuliza mkewe yuko wapi.

Haya yalitokea mwaka wa 1971, mwaka wa pili tangu tukusanywe kwenye kijiji cha ujamaa. Kabla ya hapo kila mtu alikaa shambani kwake na nyani wake. Tulipolima shamba moja la pamoja, wanyama nao wakaacha kutangatanga, wakaja kwa pamoja: nyani, ngedere, nguruwe, na kutoka mabondeni, nyati. Tukasema hata wao wameitikia mwito, ila walichagua upande wa kula.

Kijiji kilikuwa na bunduki tatu. Zilikaa ndani ya sanduku refu ofisini kwa TANU, na ufunguo wa sanduku aliuvaa mzee Sadala shingoni kama hirizi. Sadala alikuwa mfupi, mwembamba, mwenye masharubu makubwa yaliyotangulia kufika kila mahali alipokwenda. Alizipenda bunduki zile kuliko wake zake wawili, na wake zake walishukuru. Kila Ijumaa baada ya swala alizitoa, akazipaka mafuta ya nyonyo, akazilaza kwenye mkeka juani kama wagonjwa.

Ya kwanza ilikuwa gobore la baba yake, la kushindilia baruti mdomoni. Aliliita Babu, maana lilichukua muda mrefu kuanza kusema, na likianza hujui litasema nini. Ya pili ilikuwa shotigani ya mitutu miwili, namba kumi na mbili, ya marisau, chembe zinazotawanyika. Hiyo aliiita Mama Mkwe: ikifungua mdomo wanapata wote, hata wasiohusika. Ya tatu ilikuwa raifo nyembamba, namba ishirini na mbili, ya kanga na ngedere. Hiyo ilikuwa Kigori, kwa sauti yake.

"Kitanda hakilaliki kwa miguu mitatu," Sadala alikuwa akilalamika kwa kila aliyepita na jembe lake. "Ya ndege tunayo, ya nyani tunayo, ya kutishia tunayo. Ya nyati iko wapi? Nipeni ya nne, muone bunduki zilizokamilika zilivyo."

Mume wangu, Muhidini, hakuwa na bunduki. Yeye alikuwa na kisu.

Ndiye aliyekuwa mchinjaji wa kijiji, kama baba yake. Kwetu nyama isiyopita kisu haiingii chunguni. Yupo sheikh aliyewahi kutupitia, akatueleza kwamba mwindaji akisoma bismillahi kabla ya kufyatua, inatosha. Wazee walimsikiliza kwa adabu, wakampikia vizuri, wakamsindikiza, wakarudi wakaendelea kama zamani. Tena Sadala, alipokuwa akikaza jicho kwenye mtutu, alilokuwa akilitamka si bismillahi. Nililisikia siku moja. Siwezi kuliandika.

Kwa hiyo bunduki ikilia, Muhidini anakimbia. Akimkuta mnyama bado ana roho, anachinja, kijiji kinakula, na shingo nzima inakuja kwetu, ndiyo haki ya mwenye kisu. Akimkuta amekwisha kufa, ni kibudu, na kibudu kilikuwa cha nyumba tatu za Wakristo. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mwalimu wa shule, Gregori, Mshambaa aliyeteremka kutoka milimani: mtu mnene, mcheshi, mwenye kupenda nyama kuliko mshahara. Yeye ndiye aliyekuwa pia katibu wa kijiji.

Miaka kumi na miwili nilipika shingo, na mnaonikumbuka enzi zile mnajua kwamba ilinikaa. Lakini mwaka ule goti la kushoto la Muhidini likaanza kulia kama mlango wa banda. Tandala wa kwanza akafa kabla hajafika. Tandala wa pili naye akafa. Wanawake walikaa na maji ya moto jikoni, watoto wakanusa harufu ya nyama kutoka kwa mwalimu, na wazee wakakaa kikao.

"Muhidini," wakamwambia, "tunakuheshimu. Lakini ukimkosa na wa tatu, kisu apewe Mbaruku."

Mbaruku alikuwa na wake wawili na miguu ya mbuni. Jioni ile ile alionekana ananoa.

Muhidini aliagana na wazee. Alirudi, akakaa kibarazani, akakitoa kisu kwenye ala na kukifuta, akakirudisha, akakitoa tena.

"Mama Zuena," akaniita. Zuena ni binti yetu wa kwanza. "Baba alikufa na kisu hiki kiunoni. Mimi nitakufa na nini? Jembe?"

Nilitaka kumtania, badala yake nikaingia ndani kumpashia mafuta ya goti.

Siku chache baadaye ikaja barua kutoka bomani Handeni. Kwenye shamba moja la mkonge upande wa Korogwe, Mgiriki aliyekuwa meneja alikuwa amekwenda zake kwao, akaacha kabati la bunduki za kuwindia. Vijiji vinavyosumbuliwa na nyati vitapewa moja moja. Wanakijiji wachague wenyewe. Chini ya barua palikuwa na namba nne: 303, 375, 404, 458.

Mwalimu Gregori alizisoma mkutanoni mara mbili.

"Namba hizo ndizo nini?" mwenyekiti akauliza.

Sadala alikuwa amekwisha simama. "Ndiyo kaliba, mwenyekiti. Ukubwa wa tundu. Kila mwenye bunduki anajua."

"Sasa ipi kubwa?"

"Akili kidogo tu. Mama Mkwe ni kumi na mbili, na tundu lake linaingia kidole gumba. Kigori ni ishirini na mbili, na hata penseli haiingii. Namba ikipanda, tundu linashuka. Ndiyo hesabu."

Mkutano ukaguna kwa kuridhika. Nami naungama kwamba niliguna. Nilisoma hadi darasa la nne, na hesabu ile niliipitia kichwani mara mbili nikaiona imenyooka.

"Basi mia tatu na tatu ndiyo kubwa," mwenyekiti akasema. "Na hii mia nne hamsini na nane?"

"Hiyo itakuwa ya kuulia nzi," Sadala akajibu. "Nadhani Mgiriki alikuwa na watoto. Mimi nasema tuchukue mia tatu na tatu, nyati akome."

Muhidini akainuka, na goti likainuka na sauti yake.

"Jamani," akasema, "bunduki isiwe na pupa. Mnyama aanguke, lakini asiondoke. Mkileta jibunduki la kumkata roho hapo hapo, mtakula nini? Mtanusa kwa mwalimu! Mimi nasema tuchukue hiyo ndogo, mia nne hamsini na nane."

"Nyati kwa bunduki ya nzi?" Sadala akapiga kelele.

"Mpige nayo mara nyingi. Atachoka, atakaa chini. Nitamkuta amekaa."

Akina mama tulipiga makofi, maana ndio tuliokuwa na vyungu vitupu. Kura zikapigwa, na mia nne hamsini na nane ikashinda kwa mikono mingi.

"Mwalimu, wewe wasemaje?" mwenyekiti akamwuliza Gregori.

"Mimi katibu, mwenyekiti. Wengi wape." Akaendelea kuandika.

Lakini niliyaona mabega yake yakicheza juu ya daftari, kama ya mtu anayebana kicheko. Mwalimu Gregori alikuwa mtu wa kubishana mkutanoni hata juu ya saa ya kufunga mkutano. Siku hiyo hakubisha hata neno moja. Mshambaa wa namna ile hanyamazi bure.

"Watakaokwenda Korogwe ni mzee Sadala, mzee Muhidini na katibu," mwenyekiti akasema.

"Na mimi," nikasema.

"Kufanya nini, Mama Zuena?"

"Kusoma namba."

"Katibu si anasoma?"

"Katibu ana macho mawili. Nitamwongezea mawili."

Watu wakacheka, na aliyecheka kwa kuchelewa alikuwa katibu.

Tulipanda lori la mahindi pale Chanika ya Handeni, mimi, Muhidini na mwalimu juu ya magunia, Sadala mbele kwa dereva kwa sababu ya koti aliloazima. Korogwe tukashuka, tukatembea katikati ya mkonge mpaka kwenye ghala la shamba. Mwenye ghala alikuwa mtu mmoja mrefu, mpole, aitwaye Habakuki, miwani yake imefungwa kwa uzi. Akatupokea vizuri, akatoa ufunguo, akafungua kabati.

Sadala alisimama mlangoni akavua viatu.

"Mzee, vaa tu," Habakuki akamwambia. "Hapa si msikitini."

"Najua, mwanangu," Sadala akasema, lakini hakuvivaa.

Zilikuwa zimesimama kwa mstari, miti yake myekundu inang'aa, na nafasi moja ilikuwa wazi. Habakuki akaeleza kwamba mia nne na nne ilichukuliwa asubuhi ile na kijiji kingine.

"Ninyi mnataka ipi?"

"Mia nne hamsini na nane!" Mwalimu Gregori alijibu upesi kama mtoto aliyekariri. "Kijiji kimepiga kura. Muhtasari huu hapa."

Habakuki akamtazama Sadala kuanzia masharubu mpaka miguu pekupeku.

"Nani atakayeipiga?"

"Mimi."

"Una mtu wa kukushika?"

Sadala akakasirika. "Nimepiga bunduki tangu wewe hujazaliwa. Ndio nishikwe kwa bunduki ya nzi?"

Habakuki akarudi kabatini. Akaingiza mkono kwenye boksi, akatoa risasi moja ya mia nne hamsini na nane, akamwekea Muhidini kiganjani. Muhidini akaitazama. Akaipima uzito. Akanigeukia.

"Mama Zuena, hii ni risasi au mchi?"

"Labda ya bunduki nyingine," Sadala akasema. "Namba imepanda, tundu limeshuka. Ndiyo hesabu."

"Mwalimu," nikasema, "niazime penseli."

"Ya nini, Mama Zuena?"

"Nataka kuandika jina la baba yangu."

Akanipa kwa shingo upande. Nilianza na mia tatu na tatu. Habakuki aliishika mtutu ukiwa juu, nami nikaingiza penseli: ikaingia kwa kubana, kama mtu anayevaa shati la mdogo wake, nikaichomoa. Kisha nikaenda kwenye mia nne hamsini na nane, nikaiweka mdomoni. Penseli haikunisubiri. Iliteleza ikaenda zake, tukaisikia huko chini ikisema *ko*.

Wote wakasogea kuchungulia tundu.

"Mmeona wenyewe," nikasema. "Kwa hizi namba ikipanda, na tundu linapanda. Mama Mkwe ana hesabu yake peke yake, kama mama mkwe yeyote."

Muhidini alikuwa bado ameshika ile risasi. "Mwalimu Gregori," akasema polepole, "wewe shuleni unafundisha nini?"

"Kusoma, kuandika na hesabu, mzee wangu."

"Na hili hukulijua?"

"Sikuulizwa, mzee. Niliulizwa maoni."

"Mgosi wa Kishambaa wewe, ulitaka tuletewe mzinga, upate kula kibudu kila siku!"

"Mimi katibu tu. Wengi walinyoosha mikono. Hata Mama Zuena alinyoosha, nilimhesabu."

Hapo aliniweza, nikajifanya natafuta penseli.

Basi sasa kila mtu akashika namba ya mwenzake, kama watu waliochanganya viatu. Muhidini, aliyeitetea mia nne hamsini na nane mkutanoni, akaikimbilia mia tatu na tatu. Sadala, aliyeitukana, akaikumbatia. "Kura ni kura!" alikuwa akisema huku anaipapasa. "Kijiji kimesema! Nani anapinga kijiji?"

"Mia tatu na tatu kwa nyati haiwezekani," Habakuki akasema. "Bwana nyama wa serikali, mwenye wanyama wa porini, hatawapa kibali. Itamwudhi tu, na nyati akiudhika hakai chini kungoja mtu. Zimebaki mbili: hii kubwa, na hii mia tatu sabini na tano. Njooni nje mzee azijaribu."

Penseli ikatolewa kwa kutikisa, imepakwa mafuta mwili mzima. Tukaenda nyuma ya ghala, palipokuwa na kichuguu kirefu kuliko Sadala. Habakuki akaweka risasi, akatuambia tuzibe masikio. Sadala akasimama, akakaza jicho, akatamka lile neno lake, akafyatua.

Moshi ulipoondoka, kichuguu kilikuwepo. Aliyeondoka ni Sadala.

Tulimkuta amekaa kwenye mkonge, kofia upande huu, yeye upande ule, na bunduki ameikumbatia kama mtoto aliyeokolewa kisimani.

"Nimekipata?" akauliza.

"Aliyepatikana ni wewe, mzee," Habakuki akamwambia. "Begani."

Tulimchomoa miiba kwanza, mimi nikashughulikia ya mgongoni na Muhidini ya sehemu zisizo zangu. Kisha, kwa sababu Sadala hakuwa mtu wa kurudi nyumbani na kipigo kimoja, akaomba na ile mia tatu sabini na tano. Akafyatua. Safari hii alirudi nyuma hatua moja, akasimama. Kichuguu kikapoteza kichwa.

Sadala akaishusha, akaitazama, akapangusa mti wake kwa mkono wa koti la watu.

"Hii ina adabu," akasema kwa sauti ya chini. "Hii ndiyo ya nne."

"Lakini kura..." Mwalimu Gregori akaanza.

"Nyamaza, mwalimu. Kura haina bega."

Muhidini alikuwa bado hajaridhika. Akamwendea Habakuki. "Mwanangu, nieleze mimi mwenye goti bovu. Mnyama akipigwa na hii, ataningoja?"

Habakuki akafikiri. "Inategemea amepigwa wapi, mzee. Sehemu nyingine atakungoja kidogo. Kichwani, hangoji mtu."

Muhidini akamshika Sadala mkono. "Umesikia, ndugu yangu? Umesikia vizuri? Nimebakiwa na mnyama mmoja tu."

"Nitalenga mbavu," Sadala akasema. "Wallahi."

Mtu aliyelenga kichuguu akapata mkonge! Lakini Muhidini aliamini, na mimi nikaamini pia, maana nilikuwa nimekwisha anza kuwaza shingo ya nyati.

Ile bunduki ikaingia kwenye sanduku ikaitwa Wifi, kwa kuwa inasukuma. Ijumaa ya kwanza Sadala alizilaza zote nne kwenye mkeka, akaketi mbele yake kuzitazama, mkewe mdogo akamletea uji hapo hapo. Muhidini naye hakukaa bure. Kila alfajiri alizunguka shamba la ujamaa mara tatu kwa mbio, nami nikimkanda goti kwa mafuta ya moto na maneno. Akawa anafika. Pole pole, lakini anafika.

Wiki ya tatu, mara tu baada ya swala ya alfajiri, akaja mchungaji Tiampati, ambaye ng'ombe wake walikaa ng'ambo ya korongo letu. Alikuwa ametembea upesi lakini hakuhema.

"Nyati mmoja dume yuko kwenye mahindi yenu," akasema. "Ameshiba. Amesimama tu."

Kijiji kizima kikatoka. Sadala alitangulia na Wifi, Tiampati akimwongoza upande wa upepo. Sisi wengine tukaambiwa tubaki kwenye mihogo, na tukabaki tumejipanga kama watu wa mashindano: Muhidini mbele, kanzu ameikunja kiunoni, kisu mkononi, pembeni yake Mwalimu Gregori na gunia lake, maana alikuwa na haki ya kuwahi kushuhudia kama ni kibudu, nyuma yao Mbaruku, aliyekatazwa na wazee kukimbia, akirukaruka pale pale kwa uchungu. Mimi nilikuwa nimeshika viatu vya mume wangu.

Wifi akalia. Kanga wote wa bonde lile wakaruka.

"Haya!" wazee wakasema.

Nimeona mbio nyingi, lakini zile sijaona mfano wake. Mmoja anakimbia ili amkute mnyama mzima, mwingine anakimbia ili amkute amekufa, na wote wawili wanaomba Mungu kwa sauti. Goti la Muhidini lililia kila hatua. Tumbo la mwalimu lilikuwa na mbio zake tofauti na za miguu. Kwenye tuta la viazi Muhidini alianguka. Mwalimu akampita, akasimama, akamrudia, akamwinua kwa mkono, kisha wakaendelea kushindana. Hilo nalisema kwa haki yake.

Walifika pamoja. Nyati alikuwa amelala ubavu kati ya mahindi, mkubwa kama banda. Muhidini hakungoja kuvuta pumzi. Akashika pembe, akasoma, akachinja. Damu ikatoka. Kama ilikimbia au ilitembea, hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

"Kibudu!" Mwalimu Gregori akasema, akijishika magoti. "Amechinja maiti! Mimi nimefika naye, mnyama hakutikisa hata sikio."

"Hajafa huyu!" akina mama wakajibu, waliokuwa bado wako mbali.

Sadala akafika, anang'aa kama mtu aliyeoa. "Nimempiga mbavu!"

"Mbavu zipi?" Tiampati akauliza. Alikuwa amechuchumaa, anapitisha kiganja kwenye manyoya, kuanzia bega mpaka paja. "Sioni tundu."

Wakatafuta wote. Ubavu mzima, tundu hakuna. Tumboni hakuna. Shingoni palikuwa na kazi ya Muhidini tu. Sadala akaanza kupungua kimo.

"Labda ameanguka kwa mshtuko," mzee mmoja akasema.

Mimi nikaona mlango umefunguka. "Sasa mnyama ambaye hata tundu hana, atakufaje?" nikauliza. "Mwalimu, shuleni mnafundisha kufa bila sababu?"

Watu wakacheka, wakageuka upande wetu. Mbaruku peke yake hakucheka. Mzee mkubwa kuliko wote akanyoosha mkono kunyamazisha.

"Maneno ni ya mwenye kisu," akasema. "Muhidini, tunakuamini. Ulipofika, alikuwa na roho?"

Muhidini alifungua mdomo. Akatazama kisu. Akatazama jua, lilikuwa ndiyo kwanza linatoka. Katika miaka yote niliyolala naye sikuwahi kumsikia akidanganya, hata kunisifia upishi.

"Mimi..." akasema, "nilikuwa na jasho machoni..."

Nikamwona mume wangu anazeeka pale pale mbele ya watu. Nikaangusha viatu.

"Alikuwa na roho!" nikasema. "Mimi nilimwona!"

"Wewe ulikuwa nyuma yetu," Mwalimu Gregori akasema.

"Nilipita njia ya mkato, kwenye mihogo. Nimefika kabla yenu nikajificha, kwa adabu. Nyati alikuwa amekaa kitako, akanitazama, akanikonyeza. Ndipo akalala."

"Akakukonyeza."

"Wallahi vile."

"Kwa jicho gani, Mama Zuena?"

Nikatupa macho haraka. Kwenye jicho la juu, lile ambalo kila mtu alikuwa akiliona, palikuwa na nzi anatembea huku na huku bila wasiwasi wowote, kama anayekagua nyumba ya kupanga. Hilo halikufaa.

"La upande wa pili," nikasema. "Lile alilolilalia. Ninyi hamkuwahi kuliona. Lilikuwa zima, linang'aa, na alinikonyeza nalo mara mbili."

Wazee wakatikisa vichwa kwa kukubali. Muhidini akaniangalia kwa macho ambayo hajapata kuniangalia nayo tena. Sadala akashusha pumzi, Mbaruku akaanza kuondoka, na wanawake wakawa tayari wamekunja vitenge kusogelea nyama.

Tiampati akainuka. Alishika pembe moja, mwalimu akashika ya pili, wakavuta kwa pamoja, kile kichwa kizito kikageuka polepole mpaka upande wa chini ukaja juu.

Jicho halikuwepo. Palipokuwa na jicho palikuwa na tundu la mia tatu sabini na tano, la duara, safi, limeingia bila kugonga mfupa.

"Nimempata!" Sadala akapiga kelele, kisha akaziba mdomo kwa kiganja.

Mwalimu Gregori alijifuta jasho, akanigeukia taratibu, na mabega yalikuwa yamekwisha anza kucheza.

"Mama Zuena," akasema, "hebu tuonyeshe, alikukonyeza vipi?"